Namba Kutoka Padova

Simu zote zililia kwa pamoja.

Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa nne, ndani ya kituo kimoja kikubwa cha mafuta kando ya barabara kuu ya Dallas na Houston. Watu walikuwa wamejipanga foleni za nyama choma, kahawa na karanga za sukari, mara kila mfuko na kila mkoba ukaanza kupiga ukelele ule ule mbaya. Tahadhari ya tonado, kimbunga king'oacho hata nyumba. Nje, anga lilikuwa limegeuka kijani kama maji ya dimbwi. Wafanyakazi wenye fulana nyekundu wakaanza kuwasukuma watu kuelekea nyuma, kwenye korido ya vyoo, mbali na vioo.

Yasinta Komba hakusogea. Alikuwa anatoka kwenye kitchen party Dallas, bado amevaa gauni lake refu la kitenge cha njano na kilemba kilichoanza kulegea. Mkono mmoja ulishika kikombe cha kahawa, mwingine ulishika simu iliyokuwa ikitetemeka na kulia. Watu walimpita wakikimbia. Yeye aliikodolea macho ile simu kama mtu aliyeshika nyoka.

"Mama yangu wee," alinong'ona.

"Dada, hapa hapafai," sauti ya kiume ikasema nyuma yake, kwa Kiswahili. "Naomba nikushike mkono. Nikushike?"

Akaitikia kwa kichwa. Mwanamume huyo, mrefu, mwenye shati la bluu lililopigwa pasi likanyooka, alimwongoza mpaka koridoni. Wakaketi sakafuni, wakabanana na familia za Kimeksiko, madereva wa malori na bibi mmoja wa Kizungu aliyekumbatia mbwa. Taa zikazimika. Juu yao paa likaanza kuguna. Mtoto akapiga yowe. Yasinta aliona kifua chake kinakataa kufunguka.

"Toa pumzi," yule mwanamume alisema taratibu gizani. "Usivute, toa. Puliza kama unapoza uji."

Akapuliza. Akapuliza tena. Hewa ikaingia yenyewe.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Kazi yangu ni mashine za kupumulia, hospitalini, Fort Worth. Naitwa Elimringi Swai."

"Mchaga."

"Wa Machame. Na wewe dada?"

"Yasinta. Kwetu Mbinga."

"Basi paa hili likituangukia, kahawa ya Tanzania imepata msiba pande zote mbili."

Yasinta alicheka huku machozi yakimtoka. Kilichokuwa kikimliza hakikuwa upepo, lakini hilo hakumwambia.

Tonado lilipita mbali, likang'oa ghala la mkulima fulani na kuondoka zake. Taa zilipowaka, Elimringi alimnunulia kahawa nyingine, akaomba namba.

"Nitakupa," Yasinta alisema. "Ila ukitaka kunipigia, usipige."

"Sasa nitakupigiaje bila kupiga?"

"Tuma ujumbe kwanza. Andika kwamba uko mzima. Ndipo upige."

Elimringi alimtazama usoni, akaona kwamba hatanii.

"Sawa," alisema, wala hakuuliza sababu.

Sababu ilikuwa Isack. Isack alikuwa mume wa Yasinta, fundi wa viyoyozi, mtu wa kicheko kikubwa. Mwaka wa korona alilazwa Houston, na kwa kuwa wageni hawakuruhusiwa, Yasinta alikaa nyumbani Missouri City, pembeni ya Houston, akingoja simu. Simu ilipolia asubuhi, hali ilikuwa imebadilika. Ilipolia jioni, wamemwekea mashine. Mara ya mwisho ilipolia, mtu aliyejifunika uso mzima alimwonyesha Isack kwenye kioo kidogo cha simu, akamwambia aseme neno la mwisho. Tangu siku hiyo, mlio wowote wa simu yake ulimkata tumbo. Simu ya kazini haikumtisha. Alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno Sugar Land, alijibu simu za watu kutwa nzima, lakini wafu wake hawakuwa na namba ile.

Kwa hiyo mapenzi yao yalianza kwa ujumbe. Niko mzima, Elimringi aliandika kila alipotoka zamu, halafu simu ikafuata.

"Umekula?" Yasinta aliuliza.

"Nimekula wali wa jana."

"Wali wa jana na mshahara wote ule! Kweli Mchaga."

"Naweka akiba ya mahari, mama. Nasikia Wamatengo hawapunguzi bei."

"Nani kakwambia nauzwa?"

"Hujauzwa. Umekopeshwa tonado, mimi nimekukomboa."

Prudensia, binamu yake Yasinta waliyekuwa wakiishi naye nyumba moja, aligonga ukuta kutoka chumba cha pili. "Jamani, mpunguze sauti, wengine hatuna watu wa kutuchekesha!"

Alipokuwa na siku za mapumziko, Elimringi aliendesha gari mpaka Missouri City na boksi la maandazi ya majirani zake Wakongo wa Haltom City, kando ya Fort Worth, alikokuwa akiishi. Siku nyingine Yasinta alipanda kwenda kwake. Jumapili moja, wakiwa wameketi kwenye kochi la Yasinta, mvua ikichapa madirisha, alimsimulia habari za Isack tangu mwanzo hadi mwisho. Alimweleza hata kuhusu yule mtu aliyejifunika uso. Elimringi alimsikiliza huku amemshika mkono.

Pale ndipo naye angesema la kwake. Lakini aliuona mdomo wa Yasinta unavyotetemeka, akaogopa. Akanyamaza, wiki zikapita, na kila wiki ilizidi kulifanya neno lile kuwa gumu kutamka.

Lililomfumbua Yasinta macho lilikuwa kundi la WhatsApp la Watanzania wa Texas. Prudensia aliingia jikoni akisoma kwa sauti. "Hongera nyingi kaka yetu Elimringi kwa kupata nafasi Padova, Italia, kusoma historia ya tauni... Yasi! Umetuficha! Mbona hukuniambia?"

Yasinta aliweka mwiko chini. Safari hii ni yeye aliyepiga.

"Ni kweli?"

"Yasi, nilikuwa nije Jumamosi nikwambie uso kwa uso."

"Texas nzima inajua. Mimi tu ndiye wa kungoja Jumamosi."

"Kuna mtu aliniwahi, akaandika kundini. Nisamehe."

"Mchaga gani anaacha kazi ya hospitali aende kusoma habari za maiti wa Italia?"

Elimringi alicheka, akidhani utani bado upo. Akagundua kwamba haupo.

"Sikiliza, mpenzi. Wakati wa korona nilikuwa zamu. Wagonjwa walipokuwa wanaondoka, mimi ndiye niliyekuwa nawashikia simu usoni ili ndugu zao wawaage. Mkono unakufa ganzi na huwezi kuushusha, maana huko upande wa pili mtu bado anasali. Nimekaa na jambo hilo miaka yote na sijui pa kuliweka. Padova kuna watu wanaosoma jinsi wenzetu wa zamani walivyopita kwenye tauni. Nani alibeba supu mlangoni, nani alizika, nani aliimba dirishani ili jirani asife peke yake. Nataka kujua walirudije kuwa watu baada ya hapo."

Yasinta alizima jiko.

"Ulikuwa unashika simu," alisema.

"Ndiyo. Fort Worth lakini, siyo..."

"Umekaa kwenye kochi langu. Nimekueleza mambo ambayo hata mama yangu hayajui. Na wewe ulikuwa mmoja wao."

"Niliogopa utaniona kama yule mtu."

"Ndivyo ninavyokuona sasa."

Akakata. Halafu akam-block.

Elimringi alipiga kupitia kwa Prudensia, akaambiwa asubiri. Akasubiri. Akaja mwenyewe mpaka mlangoni, akaambiwa Yasinta hayupo, ilhali gari lake lilikuwa limeegeshwa pale pale. Mwezi wa tisa akapanda ndege.

Padova alipanga chumba kidogo kwenye mtaa wenye matao marefu, ambako mvua hainyeshei watu wanaotembea. Alikuwa mkubwa kuliko nusu ya darasa. Asubuhi alisoma Kilatini kwa taabu, mchana aliingia maktaba akanusa ngozi ya vitabu vya kale, jioni alikula na Kwamboka, Mkenya aliyekuwa akisoma falsafa. Kwenye simu yake, mahali pa kuandika mtu wa kuitwa wakati wa dharura, jina la Yasinta lilikuwa bado lipo. Kwamboka alimuuliza kwa nini halitoi.

"Nikilitoa nitaandika nani?" alijibu.

Na Yasinta? Alienda kazini, akarudi, akapika, akala nusu. Zamani aliogopa simu ilie. Sasa aliogopa kwamba hailii. Akilala usiku anaota Elimringi amevaa lile vazi la kujifunika uso, anamshikia simu, na ndani ya simu hakuna mtu. Alitaka kuondoa ile block. Kila alipofungua, aliona kama anafungua mlango ambao nyuma yake kuna habari mbaya, akaufunga tena.

"Unamuogopa yeye au unaogopa kumpenda?" Prudensia alimuuliza siku moja wakikunja nguo.

"Niache."

"Nimekuacha. Ila soksi hii unaikunja mara ya nne."

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, kliniki ilikuwa imejaa. Yasinta alikuwa na sare yake ya zambarau yenye picha za mswaki, anampangia mzee mmoja siku ya kung'oa jino, simu yake binafsi ilipoanza kutetemeka kwenye droo. Namba ngeni. Mwanzo wake ulikuwa thelathini na tisa.

Alijua ni Italia. Aliwahi kuutafuta ule mwanzo na kuukariri.

Ikakata. Ikalia tena. Mzee alikuwa anasema kitu kuhusu Alhamisi. Yasinta aliona midomo ya mzee inacheza bila sauti. Ikakata. Ikalia tena.

Aliinuka, akaingia stoo ya vifaa, akafunga mlango. Mikono ilikuwa imelowa jasho hata kidole hakikuweza kuteleza kwenye kioo. Ameshakufa, alijiambia. Wamenipigia kuniambia. Nikipokea itakuwa kweli.

Akapokea.

"Halo? Ni Yasinta? Mimi naitwa Kwamboka, nasoma huku na Eli. Usishtuke, sawa? Yuko hai."

Yasinta aliegemea rafu za glavu.

"Sema yote," alisema.

"Amekuwa na maumivu ya tumbo siku kadhaa, akasema ni chakula. Leo ameanguka ngazini. Madaktari wanasema appendix imepasuka, usaha umeenea. Wanampeleka kumpasua saa hii. Anakuita. Nimewaomba dakika mbili. Ni-switch iwe video?"

Hapana, moyo wa Yasinta ulisema. Kila kitu isipokuwa hicho. Aliwahi kuuona uso mmoja kwenye kioo kama hiki, na baada ya hapo hakuuona tena. Angeweza kusema mtandao ni mbaya. Angeweza kusema atapiga baadaye.

"Washa," alisema.

Elimringi alionekana akiwa kwenye kitanda cha magurudumu, chini ya taa nyeupe. Ngozi yake ilikuwa ya majivu, midomo imepasuka. Alijaribu kutabasamu.

"Yasi. Niko mzima."

"Usinidanganye. Leo hapana."

Tabasamu likamtoka. Macho yakajaa maji.

"Naogopa," alisema. "Nimewashikia simu watu wengi, sikujua huku upande huu kukoje. Naogopa sana, Yasi."

Yasinta alikuwa hajawahi kumsikia akisema hivyo. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa mwoga, na Elimringi mtulivu. Yasinta aliisogeza simu karibu na uso wake mpaka pumzi ikafanya ukungu kwenye kioo.

"Na mimi naogopa," alisema. "Nipo stoo, nimezungukwa na pamba na glavu. Lakini sikati. Umesikia? Wao ndio watakata. Mimi sikati."

"Ule wakati... nilipaswa kukwambia."

"Ulipaswa. Utakuja uniambie vizuri, nikugombeze vizuri."

"Unanisamehe?"

"Amka kwanza."

Elimringi akacheka, akakunja uso kwa maumivu. Nesi akasema jambo kwa Kiitaliano. Picha ilikuwa inacheza.

"Mkono wangu umeanza kutetemeka," sauti ya Kwamboka ilisema kutoka nyuma, "lakini sishushi."

Yasinta aliusikia ule mkono asiouona. Akamkumbuka mtu aliyejifunika uso, ambaye miaka yote alimchukia bila hata kujua jina lake. Akafikiri, na yeye alitetemeka. Na yeye hakushusha.

"Asante, mdogo wangu," alimwambia Kwamboka.

Magurudumu yakaanza kwenda. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Kioo kikawa cheusi.

Prudensia alikuja mbio kutoka Missouri City akiwa na ndala mguu mmoja na raba mguu mwingine. Daktari wa meno, mwanamke wa Kivietnamu asiyeongea sana, aliwaachia chumba chake na kuwaletea chai. Walikaa humo chini ya picha kubwa ya gego. Saa zilikwenda. Padova giza lilikuwa limeshaingia, Sugar Land jua lilikuwa bado kali, na kila sauti nje ya mlango ilimfanya Yasinta ainuke.

"Usaha ukienea tumboni mtu anapona?" aliuliza.

"Wanapona. Shemeji wa Neema alipona."

"Hujawahi kuwa na rafiki anaitwa Neema."

"Basi nimemzua. Kunywa chai."

Simu ikalia juu ya meza. Thelathini na tisa. Wote wawili waliitazama. Prudensia alinyoosha mkono. "Nipokee mimi?"

Yasinta alitikisa kichwa. Alisubiri woga upungue kidogo, haukupungua. Akaichukua hivyo hivyo.

Kwamboka alikuwa analia. Alilia bila kusema neno.

"Kwamboka! Sema!"

"Ametoka," Kwamboka alisema kwa kwikwi. "Pole, pole, mimi ni kulia tu. Ametoka sawa. Wamemwosha tumbo lote. Ameamka kidogo, anauliza kama umekata simu."

Prudensia akapiga kigelegele, na mgonjwa aliyekuwa kwenye kiti chumba cha pili akaruka na pamba zake mdomoni.

Baada ya hapo walizungumza kila siku. Yasinta aliondoa ile block, na Elimringi akamweleza yote, taratibu, hata majina ya wagonjwa aliokuwa bado anawaota. Yasinta alimgombeza kama alivyoahidi. Siku nyingine walikaa kimya tu, Yasinta akipika, Elimringi akisoma kitabu chake kitandani hospitalini, simu imeegemezwa kwenye kopo la chumvi.

Krismasi ilipokaribia, Elimringi akarudi kwa mapumziko. Yasinta aliendesha gari mwenyewe mpaka uwanja wa ndege wa Dallas. Alivaa gauni jekundu la mikono mirefu, hereni za dhahabu, na viatu virefu ambavyo alijuta navyo kabla hajafika mlango wa wanaowasili.

Ndege ilikuwa imeshatua. Watu wakatoka, wakakumbatiwa, wakaondoka. Elimringi hakutoka. Wakatoka wa ndege iliyofuata. Yasinta alijua habari zilizokuwa zikizunguka siku hizi, za watu wenye karatasi halali wanaovutwa kando kwenye dirisha la uhamiaji na kuulizwa maswali mpaka ndugu zao wanakata tamaa. Alipiga, simu imezimwa. Akapiga tena. Aliwatazama maofisa waliosimama pale na bunduki zao viunoni, akataka kuuliza, akaogopa kwamba akiuliza ataharibu. Miguu ikamuuma. Akavua viatu akasimama peku kwenye vigae baridi.

Ndipo akamwona. Amekonda, koti linamning'inia, anasukuma begi kwa mkono mmoja, mwingine ameuweka tumboni.

"Walitaka kujua nilikuwa nafanya nini Italia," Elimringi alisema alipomfikia. "Nikawaambia nasoma tauni. Hawakupenda jibu."

Yasinta alimshika uso kwa mikono miwili. Ulikuwa na joto, na ndevu, na harufu ya ndege. Alimwongoza mpaka garini, akamfungia mkanda kama mtoto, akaketi kwenye usukani, na hakuwasha.

"Yasi? Hapa hawaruhusu kusimama."

"Unarudi lini Padova?"

"Mwezi wa pili." Alisita. "Yasi, nimefikiria. Naweza kuacha. Nirudi hospitali, tukae..."

"Ukiacha nitakuchukia. Nimesikia unavyozungumza ukitoka maktaba." Alitazama mbele. "Nioe kabla hujarudi."

Elimringi aligeuka kwenye kiti, akamkabili.

"Halafu nije huko nikakae na wewe mpaka umalize," Yasinta aliendelea haraka. "Nijifunze Kiitaliano, nitafute hata kazi ya kujibu simu."

"Huogopi?"

"Naogopa kila kitu. Naogopa ndege. Naogopa kwamba nikitoka hapa watanizuia kurudi. Naogopa tumbo lako. Nakuogopa wewe, kwamba utakufa uniache na simu mkononi. Usiniambie nisiogope, Eli. Nioe hivi hivi nilivyo."

Magari nyuma yao yakaanza kupiga honi. Askari wa uwanja akaja akagonga kioo. Yasinta akakishusha.

"Ma'am, you gotta move."

"Tunaoana," Yasinta alimwambia, akasahau kwamba askari haelewi Kiswahili.

Elimringi akaanza kucheka, akashika mshono, akalalamika, akazidi kucheka mpaka machozi. Yasinta akawasha gari, akaingia barabarani.

"Padri gani atakubali kutufungisha ndoa kwa haraka hivyo?" Elimringi aliuliza alipopata pumzi.

"Mchungaji wako wa Kilutheri."

"Mama yako Mbinga, Mkatoliki yule, atalia."

"Atalia, halafu atauliza mahari."

"Niliweka akiba. Si nilikula wali wa jana miezi yote ile?"

Yasinta alinyoosha mkono akamshika goti, kwa nguvu, akaendelea kuendesha kwa mkono mmoja.